Mwalimu Julius K. Nyerere na Mipaka ya Mamlaka ya Dola

Utangulizi

Wasifu wa Mwalimu Nyerere ni miongoni mwa mada zinazojulikana sana na wanafunzi, na kwa sababu hiyo hiyo ni miongoni mwa mada zinazojibiwa vibaya. Watahiniwa wengi huandika tarehe ya kuzaliwa, Azimio la Arusha, Vita vya Kagera na kung'atuka, kisha hufunga jibu kwa sifa. Mtahini anayetaka kupima uelewa huuliza zaidi ya hapo. Huuliza kiongozi alifanya nini na madaraka aliyokabidhiwa, na raia alibaki na kinga gani.

Mada hii inafuata maisha ya Mwalimu kwa njia moja tu, yaani uhusiano wake na sheria zinazoipa serikali nguvu ya kumkamata mtu, kumfuatilia au kumhamisha bila kupitia mahakamani. Alikutana na sheria za aina hiyo akiwa mtu aliyeandamwa na serikali. Baadaye alizitumia akiwa Rais. Mwishoni mwa uongozi wake haki za raia ziliandikwa ndani ya Katiba. Mifano kadhaa imechukuliwa kutoka Nyanda za Juu Kusini ili mwanafunzi wa Iringa, Mbeya na mikoa ya jirani aone kwamba historia hii ilipita pia katika ardhi yake.

1. Kuzaliwa na elimu

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki, na mama yake aliitwa Mugaya. Alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akaendelea Tabora, kisha akasoma ualimu Makerere, Uganda, kuanzia 1943 hadi 1945. Alifundisha Shule ya Mtakatifu Maria, Tabora. Mwaka 1949 alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, na kurudi mwaka 1952 akiwa na shahada. Akaajiriwa kufundisha Shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, karibu na Dar es Salaam.

Mwaka 1953 alichaguliwa kuwa rais wa chama cha TAA. Tarehe 7 Julai 1954 TAA iligeuzwa kuwa TANU, naye akawa rais wake wa kwanza. Mwaka 1955 aliacha kazi ya ualimu ili aongoze chama muda wote.

2. Nyerere akiandamwa na serikali ya kikoloni

Serikali ya kikoloni ya Uingereza ilikuwa na sheria nyingi za kuwadhibiti wananchi. Mojawapo ilikuwa sheria ya mwaka 1921 iliyomruhusu Gavana kumhamisha mtu kutoka sehemu moja ya nchi na kumpeleka nyingine bila kesi mahakamani. Nyingine ilikuwa sheria ya usajili wa vyama ya mwaka 1954, ambayo iliipa serikali uwezo wa kukataa kusajili tawi la chama au kulifunga. Kwa kutumia uwezo huo, TANU ilizuiwa kufanya kazi katika sehemu kubwa ya Kanda ya Ziwa tangu 1954 hadi 1958.

Nyerere mwenyewe aliguswa mara mbili. Mwaka 1957 alipigwa marufuku kuhutubia mikutano ya hadhara kwa miezi kadhaa. Mwaka 1958 alishtakiwa kwa kuwakashifu wakuu wa wilaya wawili wa kikoloni katika jarida la Sauti ya TANU. Mahakama ilimtia hatiani na kumtaka alipe faini ya shilingi 3,000 au aende jela miezi sita. Alilipa faini, na harakati za uhuru zikaendelea.

Mtahiniwa azingatie tofauti kati ya matukio hayo mawili. Katika la kwanza hapakuwa na mahakama. Ofisa aliamua, na neno lake likawa la mwisho. Katika la pili palikuwa na shtaka lililoandikwa, wakili, mashahidi na hukumu iliyosomwa hadharani. Kesi ile haikumpendeza Nyerere, lakini angalau alijua anashtakiwa kwa lipi na alipata nafasi ya kujibu. Tofauti hii ndiyo ufunguo wa mada yote.

3. Mwaka 1962: sheria za kikoloni zapata ndugu

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Nyerere akiwa Waziri Mkuu. Katika mazungumzo ya katiba ya uhuru, viongozi wa TANU walikataa orodha ya haki za binadamu kuwekwa ndani ya katiba kama sheria inayoweza kutetewa mahakamani. Hoja yao ilikuwa kwamba nchi changa yenye umaskini, ujinga na maradhi inahitaji serikali yenye mikono huru, na kwamba mahakimu wengi wakati huo walikuwa wageni waliorithiwa kutoka kwa mkoloni.

Januari 1962 Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili akajenge chama, na Rashidi Kawawa akashika nafasi hiyo. Katika mwaka huo Bunge lilipitisha sheria mbili muhimu kwa mada hii.

(a) Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini, Na. 60 ya 1962. Jamhuri ilipoanza tarehe 9 Desemba 1962, Nyerere akiwa Rais, mamlaka haya yalikuwa mikononi mwake. Yalimwezesha kuamuru mtu yeyote awekwe kizuizini ikiwa ameridhika kwamba mwenendo wake ni hatari kwa amani au usalama wa nchi. Mtu huyo hakuhitaji kuwa ametenda kosa. Alipaswa kuelezwa sababu ndani ya siku 15, na kamati ya ushauri ilipaswa kulipitia suala lake, lakini Rais hakulazimika kufuata ushauri wa kamati. Jambo zito kuliko yote ni kwamba amri hiyo haikuweza kuhojiwa katika mahakama yoyote.

(b) Sheria za wakuu wa mikoa na wakuu wa maeneo. Hizi ziliwapa viongozi hao uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kushikiliwa kwa muda usiozidi saa 48 pale wanapoona anahatarisha amani. Baada ya hapo alipaswa kufikishwa kwa hakimu au kuachiwa.

Nyerere aliitetea sheria ya kizuizini waziwazi. Alikubali kwamba inaweza kumfunga mtu asiye na hatia, akaeleza kuwa usalama wa taifa changa unahitaji silaha hiyo, na akaahidi kwamba itatumiwa kwa uangalifu. Hapa ndipo penye swali la msingi: je, uangalifu wa kiongozi unatosha kuwa kinga ya raia?

4. Hofu ya serikali ilikuwa na msingi

Jibu zuri halimfanyi Nyerere kuwa mtu aliyependa ukandamizaji, kwa sababu vitisho vilikuwepo kweli. Kongo, jirani yetu wa magharibi, iliingia katika machafuko mara baada ya uhuru wa 1960, na Waziri Mkuu wake Patrice Lumumba akauawa Januari 1961. Tarehe 12 Januari 1964 yalitokea Mapinduzi ya Zanzibar. Siku nane baadaye, tarehe 20 Januari, askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi, na maasi yakafika Tabora. Serikali ililazimika kuomba askari wa Uingereza, waliozima maasi hayo tarehe 25 Januari.

Kusini hali ilikuwa ngumu vilevile. Wareno walitawala Msumbiji hadi 1975. Rhodesia ya Kusini ilijitangazia uhuru wa walowezi Novemba 1965, na Zambia ikakosa njia salama ya kupitisha mafuta na shaba. Mzigo huo ukapitia Nyanda za Juu Kusini. Malori yalipanda Kitonga kwenda Iringa, Mbeya na Tunduma, bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi mwaka 1968, na reli ya TAZARA ikajengwa kuanzia 1970. Madaraja na bomba vilihitaji ulinzi, na mgeni asiyefahamika kijijini aliweza kuwa jasusi kweli. Mwaka 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi.

Kwa hiyo mjadala haukuwa kama nchi ilindwe au isilindwe. Wote walitaka ilindwe. Suala lilikuwa ni nani atamkagua mlinzi.

5. Mamlaka ya dharura yalivyopanuka

Wahenga wamesema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Sheria iliyotungwa kwa ajili ya jasusi na mpinduzi ilianza kugusa watu wa aina nyingine. Mifano minne inatosha.

(i) Vyama vya wafanyakazi. Januari 1963, baada ya migomo katika mashamba ya mkonge, rais wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi, Victor Mkello, na mwenzake walipelekwa kuishi Sumbawanga, mbali na wanachama wao, bila kesi. Sumbawanga ilichaguliwa kwa sababu ya umbali wake. Baada ya maasi ya 1964 viongozi wengi wa wafanyakazi walikamatwa, shirikisho lao likavunjwa, na badala yake kikaundwa chama kimoja cha NUTA.

(ii) Mfumo wa nyumba kumi. Kuanzia miaka ya 1963 hadi 1965 TANU iliweka balozi kwa kila nyumba kumi. Kazi ya balozi ilikuwa kusuluhisha ugomvi, kuhimiza maendeleo na kuwatambua wageni. Wazee wengi wanamkumbuka balozi kwa wema, maana alikuwa msaada wa karibu. Lakini mfumo ule ule uliwezesha chama kujua nani amelala wapi na nani amesema nini. Ufuatiliaji haukuanza na simu wala kompyuta.

(iii) Ndugu wa Oscar Kambona. Kambona, aliyekuwa waziri na katibu mkuu wa TANU, alitofautiana na Nyerere na kwenda London mwaka 1967. Ndugu zake wawili, Otini na Mattiya, waliwekwa kizuizini kuanzia mwaka huo, wakakaa humo miaka mingi bila kushtakiwa mahakamani.

(iv) Bibi Titi Mohamed. Huyu alikamatwa mwaka 1969 na kushtakiwa pamoja na wenzake kwa uhaini mwaka 1970. Alihukumiwa kifungo cha maisha, kisha akasamehewa na Rais mwaka 1972.

Linganisha mfano wa tatu na wa nne. Bibi Titi alisimama mbele ya jaji, ushahidi ukasikilizwa na magazeti yakaandika. Msomaji wa leo anaweza kuipinga hukumu ile, lakini anacho cha kusoma na cha kupima. Kwa waliowekwa kizuizini bila kesi hakuna ushahidi uliopimwa hadharani, na raia wa kawaida hana njia ya kujua kama walikuwa na kosa au hawakuwa nalo.

6. Nyanda za Juu Kusini: Isimani na Operesheni Vijiji

Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967. Katika maandishi yake kuhusu vijiji vya ujamaa, Nyerere alisisitiza kwamba watu waingie kwa hiari. Utekelezaji ulikwenda njia nyingine.

Isimani, kaskazini mwa mji wa Iringa katika barabara ya kwenda Dodoma, ilikuwa tarafa iliyosifika kwa mahindi. Baadhi ya wakulima walikuwa na mashamba makubwa na matrekta. Mwaka 1971 Dr. Wilbert Klerruu, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Mtwara, alihamishiwa Iringa, na kazi ya kuanzisha vijiji vya ujamaa ikapewa kasi. Siku ya Krismasi, tarehe 25 Desemba 1971, Klerruu alifika katika shamba la mkulima Said Mwamwindi kijijini Mkungugu. Kukatokea mabishano, na Mwamwindi akampiga risasi na kumuua. Mkulima huyo aliuchukua mwili na kuupeleka mwenyewe kituo cha polisi Iringa. Alishtakiwa katika Mahakama Kuu, akahukumiwa kifo mwaka 1972, na akanyongwa. Chuo cha ualimu mjini Iringa kinabeba jina la Klerruu.

Mauaji hayana utetezi, na mtahiniwa asiandike kana kwamba yana utetezi. Hata hivyo ni halali kuuliza mkulima wa 1971 angeweza kupeleka wapi malalamiko yake kuhusu ardhi. Katiba haikuwa na haki za msingi za kudai mahakamani, chama kilikuwa kimoja, na aliyesimamia sera mkoani ndiye aliyekuwa pia na uwezo wa kuamuru mtu akamatwe. Palipo na mlango wa malalamiko, hasira hupata pa kutokea bila damu.

Mei 1972 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Iringa na kupitisha azimio la Siasa ni Kilimo. Mwishoni mwa 1973 Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na kwamba kazi hiyo ikamilike kufikia 1976. Hiyo ndiyo Operesheni Vijiji. Mamilioni ya watu walihamishwa. Katika sehemu zenye makazi ya karibu karibu kama Rungwe, kazi kubwa ilikuwa kuchora mipaka ya vijiji. Katika sehemu zenye makazi yaliyotawanyika watu walisombwa kwa malori, na katika baadhi ya maeneo nyumba zilibomolewa au kuchomwa ili wenyewe wasirudi. Shule, zahanati na visima vilivyofuata vilikuwa faida ya kweli. Hasara ilikuwa kwamba mtu aliondolewa nyumbani kwake kwa amri asiyoweza kuipinga popote.

7. Serikali yajikagua

Nyerere hakuwa kipofu kwa hatari hii. Mwaka 1966 ilianza kazi Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, iliyopokea malalamiko ya wananchi dhidi ya viongozi wanaotumia vibaya madaraka. Ilikuwa hatua ya mbele katika Afrika ya wakati huo. Udhaifu wake ni kwamba ilipeleka taarifa yake kwa Rais, na uamuzi wa mwisho ukabaki kwake.

Mwaka 1976 yalitokea mambo yaliyoitikisa serikali. Katika kutafuta waliohusika na mauaji ya wazee walioshukiwa uchawi huko Mwanza na Shinyanga, watu wengi walikamatwa na kuteswa na maofisa wa polisi na usalama, na baadhi yao wakafia mikononi mwa maofisa hao. Taarifa zilipomfikia Rais, uchunguzi ulifanyika. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa kuwajibika ingawa hakumtesa mtu yeyote. Baadaye baadhi ya maofisa walishtakiwa na kufungwa.

Tukio hili lina pande mbili, na jibu la daraja la juu hutaja zote. Upande mmoja, uwajibikaji ulionekana, na mwaka 1985 Mwinyi mwenyewe akawa Rais. Upande wa pili, haki ilipatikana kwa sababu Rais wa wakati huo alikasirika. Kama angenyamaza, waathirika wasingekuwa na pa kwenda.

8. Haki zaingia katika Katiba

Mjadala wa Katiba wa 1983 na 1984 ulileta madai kutoka kwa wananchi, wanasheria na hasa Wazanzibari kwamba haki za raia ziandikwe. Marekebisho ya Katiba ya 1984 yaliingiza haki na wajibu wa msingi, ambazo leo ziko Ibara ya 12 hadi 29. Serikali ilijipa miaka mitatu ya kurekebisha sheria zake, hivyo wananchi waliweza kuzidai mahakamani kuanzia Machi 1988. Mwaka 1985 sheria ya kizuizini nayo ilirekebishwa, na amri yake ikaweza kupingwa mahakamani.

Nyerere aling'atuka urais tarehe 5 Novemba 1985. Kiongozi aliyekuwa na uwezo wa kumfunga yeyote aliondoka madarakani kwa hiari, jambo ambalo marais wengi wa rika lake hawakulifanya. Mwaka 1990 alihimiza Watanzania wajadili mfumo wa vyama vingi, ingawa yeye ndiye aliyeujenga mfumo wa chama kimoja. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyoteuliwa mwaka 1991, ilipendekeza vyama vingi na kuorodhesha sheria 40 zilizohitaji kufutwa au kurekebishwa kwa sababu zinabana uhuru wa raia. Sheria ya kizuizini ya 1962 na ile ya kikoloni ya 1921 zilikuwa miongoni mwake. Vyama vingi viliruhusiwa Julai 1992.

Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 na kuzikwa Butiama.

9. Kinga zilizopo leo

Mtahiniwa ajue vifungu vifuatavyo vya Katiba ya Jamhuri ya Muungano:

• Ibara ya 15: mtu asikamatwe wala kufungwa isipokuwa kwa utaratibu uliowekwa na sheria.
• Ibara ya 16: kila mtu anastahili heshima na hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake, makazi yake na mawasiliano yake.
• Ibara ya 18: uhuru wa maoni na wa kupata habari.
• Ibara ya 32: Rais anaweza kutangaza hali ya hatari, kwa mfano wakati wa vita au maafa. Nakala ya tangazo hupelekwa kwa Spika, na Bunge huitishwa ndani ya siku 14. Lisipoungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge wote, tangazo hukoma. Likiungwa mkono hudumu miezi sita, na Bunge linaweza kuliongezea muda.

Linganisha Ibara ya 32 na sheria ya 1962. Zote zinampa Rais nguvu kubwa. Lakini moja ina saa inayohesabu na Bunge linalopiga kura, na nyingine ilitegemea dhamiri ya mtu mmoja.

Mamlaka nayo hayajabaki pale pale. Idara ya Usalama wa Taifa ilipata sheria yake mwaka 1996. Uwezo wa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya kumweka mtu ndani hadi saa 48 uliendelezwa katika sheria ya tawala za mikoa ya 1997. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa mwaka 2015, na kuanzia 2019 laini za simu zilianza kusajiliwa kwa alama za vidole. Mwaka 2022 ilitungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kila moja kati ya hizi ina sababu yake, kama vile wizi wa mtandaoni au ugaidi. Kila moja ipimwe kwa maswali yale yale: nani anatoa amri, kwa muda gani, nani anamkagua, na aliyeonewa anakwenda wapi?

Hitimisho

Maisha ya Nyerere yanafundisha kwamba wema wa kiongozi ni jambo la thamani, lakini hauwezi kuchukua nafasi ya kinga ya sheria. Alikuwa mwaminifu, hakujilimbikizia mali, na alikubali kukaguliwa kuliko wengi wa wakati wake. Hata hivyo, chini yake watu walikaa kizuizini miaka mingi bila kesi, na wakulima waling'olewa makwao. Ikiwa hayo yaliwezekana chini ya kiongozi wa aina hiyo, basi sheria ya dharura haifai kupimwa kwa kumtazama anayeishika leo. Ipimwe kwa kumfikiria mtu mbaya kuliko wote anayeweza kuirithi kesho.

Miaka ya kukumbuka

1922 – Kuzaliwa, Butiama
1954 – Kuanzishwa kwa TANU
1958 – Kesi ya kashfa, faini ya shilingi 3,000
1961 – Uhuru wa Tanganyika
1962 – Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini; Jamhuri
1964 – Maasi ya jeshi, Muungano
1971 – Kuuawa kwa Dr. Klerruu, Isimani
1972 – Azimio la Siasa ni Kilimo, Iringa
1977 – Kujiuzulu kwa Waziri Mwinyi
1984 – Haki za msingi kuingizwa katika Katiba
1985 – Kung'atuka
1991 – Kuteuliwa kwa Tume ya Nyalali
1999 – Kufariki

Makosa ya kuepuka

1. Kuandika kwamba Nyerere alikuwa Waziri Mkuu sheria ya kizuizini ilipopitishwa. Waziri Mkuu alikuwa Kawawa. Nyerere alikuwa Rais wa TANU, na aliitetea.
2. Kuchanganya kizuizini na kifungo. Kifungo hutolewa na mahakama baada ya hatia kuthibitishwa. Kizuizini ni amri ya serikali bila hatia kuthibitishwa.
3. Kusifu tu au kulaumu tu. Swali likisema "jadili" au "tathmini", pande zote mbili zionekane.

Maswali ya marudio

1. Eleza tofauti kati ya marufuku aliyopewa Nyerere mwaka 1957 na kesi yake ya 1958. (Alama 5)
2. Taja masharti matatu ya Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya 1962 na uonyeshe udhaifu wa kila moja. (Alama 6)
3. Kwa kutumia mifano ya Isimani na Sumbawanga, eleza jinsi mamlaka ya serikali yalivyowagusa watu ambao hawakuwa maadui wa nchi. (Alama 10)
4. "Usalama wa taifa na uhuru wa raia haviwezi kukaa nyumba moja." Tathmini kauli hii kwa kurejelea uongozi wa Mwalimu Nyerere. (Alama 15)

Mwongozo wa swali la 4: Utangulizi ufafanue maneno usalama wa taifa na uhuru wa raia. Hoja za kuunga mkono kauli: hali ya Kongo, maasi ya 1964, vita vya ukombozi kusini, ulinzi wa bomba na reli. Hoja za kupinga: kesi ya Bibi Titi inaonyesha kwamba hata uhaini unaweza kushughulikiwa mahakamani, mateso ya Mwanza na Shinyanga hayakuongeza usalama bali yaliipunguzia serikali imani ya watu, Ibara ya 32 inaonyesha kwamba nguvu za dharura zinaweza kuwekewa muda na ukaguzi. Hitimisho litoe msimamo wako na sababu yake. Mtahini hatafuti msimamo wa aina fulani. Anatafuta hoja iliyosimama juu ya ushahidi.